Pesa Ilipohamia Kwenye Laini Yangu

Nilipoolewa mwaka 2004, mshahara wa mume wangu ulikuwa ukisafiri kwa basi la usiku. Alikuwa akifanya kazi ya upakiaji katika ghala moja huko Changamwe, Mombasa. Mwezi ukiisha alitia noti kwenye bahasha, akaibana kwa selotepu pande zote, akaandika jina la mamake, akamkabidhi kondakta waliyezoeana. Kabla hakujapambazuka bahasha ilikuwa imeshushwa Sultan Hamud, katika moja ya hoteli zinazokesha kwa ajili ya madereva wa malori. Asubuhi shemeji yangu, aliyekuwa bado mwanafunzi, alitumwa kuichukua. Barua yangu, kama ipo, ilikuwa humo humo. Niliisoma baada ya wote.

Sultan, kama makanga wanavyouita mji wetu, umeishi kwa vitu vinavyopita. Jina lenyewe liliachwa na mpita njia: Hamud bin Mohammed, Sultani wa Zanzibar kuanzia 1896 hadi 1902, aliyefika hapa reli ilipokuwa ikijengwa. Reli ikapita, barabara kuu ya Mombasa ikapita, na hata maji ya bomba la Nol Turesh, yanayotoka Loitokitok chini ya Mlima Kilimanjaro, hupita hapa yakielekea kwa wenye miji mikubwa huku sisi tukipanga foleni na mitungi. Kwa hiyo sikuona ajabu kwamba pesa za bwana wangu nazo zilinipita. Nilizisikia tu. Nikiona mafuta ya kupikia yamenunuliwa kwa chupa badala ya kupimwa, nilijua bahasha imefika.

Mwaitu, yaani mama mkwe wangu, hakuwa mtu mbaya, na nisingependa asomwe hivyo. Baba mkwe alikuwa amefariki, na kwenye bahasha ile kulikuwa na karo ya shemeji, mbegu za ndengu na kunde za kupandwa kabla ya mvua ya Novemba, deni la dukani, na michango ya mazishi isiyokwisha. Alizigawa noti mezani, akaziweka mafungu mafungu, kila fungu akalitia kitambaani. Hesabu zake zilikuwa safi kuliko za makarani wengi. Ila katika mafungu hayo hapakuwa na langu. Hakunisahau. Kwake yeye mke kijana akilishwa ameshatoshelezwa. Ndivyo alivyofanyiwa mwenyewe, mumewe alipokuwa mbali kikazi.

Basi nikawa mtu wa kuomba. Kuomba unga si kazi, kwa sababu unga huliwa na wote. Kazi ni kuomba sodo. Ni kuomba pesa za kusukwa nywele wakati watoto wa boma hawana viatu, au nauli ya kwenda kumwona mama yangu mzazi kule mjini Wote bila ya mtu kuuliza kuna nini huko. Nilijifunza kuombea kitu kimoja ndani ya kingine: nilisema chumvi na sabuni vimeisha kwa siku moja, nikanunua sabuni ndogo, chenji ikawa yangu. Wake wote wa boma letu walikuwa na hesabu za namna hiyo, na Mwaitu alizijua zote, kwa kuwa aliwahi kuzifanya.

M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007. Kwetu mlimani ilisikika kwanza redioni, na wazee wakacheka: pesa gani hiyo isiyoshikika? Mume wangu ndiye aliyeshawishika mapema, maana wenzake wa ghalani walikuwa wakituma Kakamega na Kisii kwa shilingi 30 tu, bila kumbembeleza kondakta. Krismasi ya mwaka huo alikuja na simu ya mulika mwizi, ile yenye tochi kichwani, akanipa mimi. Kwa nini mimi? Alisema Mwaitu haoni herufi vizuri. Nadhani lilikuwa jibu la kweli, lakini halikuwa lote.

Simu haikutosha. Kupokea pesa kwenye akaunti yangu mwenyewe kulihitaji usajili, na usajili ulihitaji kitambulisho, nami nilikuwa nimeolewa bila kuwa nacho. Huko nyuma sikuwahi kuona kasoro yoyote katika hilo. Mwanamke wa kijijini alihitaji kitambulisho siku ya kura tu, na hata hiyo wengi waliiacha ipite. Nikaenda kwa chifu, nikapakwa wino vidoleni, nikarudi tena na tena kuuliza kama kadi imefika. Huku nchi ikiwaka moto baada ya uchaguzi, Januari 2008, barabara zikafungwa sehemu nyingi na jirani zetu wakatumiwa pesa na salio la simu na jamaa waliokwama mbali. Aliyekuwa amecheka mwaka uliopita akaacha kucheka. Mimi bado nilikuwa nasubiri kadi.

Ilipopatikana, pesa ya kwanza iliingia nikiwa nakoroga muthokoi jikoni. Simu ikalia, nikasoma jina la mume wangu na kiasi, nikasoma tena. Mwaitu alikuwa uani akipepeta mbaazi. Hakuuliza nani amepiga. Aliuliza, "Imefika?" Nikajibu imefika. Akauliza, "Ngapi?"

Miaka yote ile sikuwahi kumuuliza yeye ngapi. Sasa swali lilikuwa langu kujibu, na nilihisi uzito wake. Nikamtajia kiasi chote. Jioni, hata hivyo, alikuwa kimya, na ukimya wake uliendelea siku kadhaa, hadi shangazi wa mume wangu akaitwa kutusikiliza. Ugomvi haukuwa juu ya pesa. Alipata fungu lake kamili. Ulikuwa juu ya nani anajua kwanza. Mtoto wake alikuwa akimwandikia bahasha yenye jina lake, kondakta akilisoma, mwenye hoteli akilisoma, mji mzima ukijua kwamba mama fulani ana mwana asiyemsahau. Ujumbe wa simu haukusomwa na yeyote ila mimi.

Suluhu ya shangazi ilikuwa rahisi. Tutateremka kwa wakala wa M-Pesa pamoja, mimi na Mwaitu; nitatia sahihi daftarini, atapokea noti yeye, ataniachia ninayostahili. Tukawa tunashuka hivyo kila mwezi, yeye amevaa leso yake nzuri, akisalimiana na watu njia nzima. Mawakala walimjua kwa jina. Siku moja, nafikiri kwa sababu miguu ilimuuma, alinipa fungu langu kabla sijaomba. Halikupungua tena tangu siku hiyo.

Mtafiti Olga Morawczynski, aliyefuatilia wakazi wa Kibera na jamaa zao wa Bukura magharibi mwa Kenya katika miaka hiyo ya mwanzo, aliandika kwamba wake wa vijijini walipata uhuru fulani kwa pesa za simu, na papo hapo wakaanza kuogopa, maana bwana anayetuma kwa kidole hana haja ya kuja nyumbani. Niliposoma hayo baadaye nilicheka peke yangu. Mume wangu alikuwa akija kila baada ya miezi michache. Baada ya simu, Pasaka ikapita, Agosti ikapita, na kila nilipomflashi apige, alinitumia mia mbili. Wakati wa bahasha nilipata barua ya kurasa mbili. Ujumbe wa M-Pesa una kiasi, tarehe na saa, wala haukuulizi habari za mtoto wetu.

Lakini pesa inayobaki kwenye laini haiombwi na mtu. Haisikiki ikilia kitambaani. Nilianza kuacha mia hapa, hamsini pale, mpaka nikaweza kununua gunia la vitunguu kutoka kwa wakulima wa Loitokitok, nikaweka kibanda kando ya barabara kuu. Wachumi Tavneet Suri na William Jack walikadiria mwaka 2016 kwamba pesa za simu ziliwatoa wanawake wapatao 185,000 wa Kenya kwenye kilimo na kuwaingiza katika biashara. Sijui kama walinihesabu. Wateja wangu walikuwa madereva wa malori, na malori yalikuwa mengi.

Yakapungua. Reli mpya ilifunguliwa Mei 2017, ikasimama Emali, siyo kwetu, na amri zilipotoka kwamba makontena yapande treni hadi Nairobi, barabara ikanyamaza na ghala la Changamwe nalo likapunguza watu. Mume wangu alikuwa miongoni mwao. Hakutaka kurudi mikono mitupu, akabaki akihangaika na vibarua vya siku. Kisha korona. Mapema Aprili 2020 Mombasa ikafungwa, hakuna kutoka wala kuingia, hadi Julai. Ada zilikuwa zimeondolewa kwa miamala isiyozidi shilingi 1,000, basi nikawa natuma kodi ya chumba chake kwa vipande vya elfu moja moja, kutoka Sultan kwenda pwani, kutoka kwenye vitunguu kwenda kwa mtu aliyekuwa akinitumia mimi.

Hakuwahi kuomba moja kwa moja. Alisema mwenye nyumba amepita. Alisema gesi imeisha. Nilivielewa vyote, nikatuma, na sikumuuliza chenji.

Siku hizi amepata kazi tena, na hutuma mara mbili: kwangu, na kwa Mwaitu, ambaye ana laini yake na namba ya siri aliyofundishwa na mjukuu. Sijui humtumia ngapi. Nimeshawahi kuuliza, nikaambiwa inatosha.

Shemeji yule aliyekuwa akitumwa kuchukua bahasha ameoa juzijuzi, na mkewe ni msichana aliyekua na simu mkononi. Tukimsimulia habari za kondakta hutuangalia kwa huruma. Shida yake ni nyingine. Amekopa Fuliza, akakopa tena kulipia nguo na mkutano wa chama, na kwa utaratibu wa mkopo ule pesa yoyote ikiingia deni hukatwa kwanza. Mumewe akituma elfu mbili, zinaliwa kabla hajazitia machoni, na kumwambia mumewe anaona haya. Alikuja kwangu, nikampeleka kwa Mwaitu, kwa kuwa yeye ndiye bingwa wa mafungu.

Mwaitu alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamwambia: "Mwambie mume wako atume kwangu. Laini yangu haina deni na mtu."

Ndivyo wanavyofanya sasa. Mwezi ukiisha wanateremka wawili kwa wakala, yule msichana akibeba kiti cha Mwaitu, na wakirudi anapewa fungu lake njiani. Juzi alilalamika kwangu kwamba ni dogo. Nilimwambia amwombe mwenyewe.