Mkia wa Gari Ukicheza kwenye Theluji
Mjini Montreal, Kanada, kuna barabara ya kupanda mlima iitwayo Côte-des-Neiges, yaani Mteremko wa Theluji. Ikifika Januari, jina hilo si utani. Gari dogo la spoti kama Mazda MX-5 husukumwa na magurudumu ya nyuma. Dereva akikanyaga mafuta kwa pupa, mkia huhama na gari hukaa upande. Sheria ya Quebec hudai matairi ya baridi kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15, maana mpira wa matairi ya kawaida hukakamaa. Hata hivyo, baba anayempeleka binti yake sekondari huondoka kwa gia ya pili, polepole. Mkia ukicheza, binti hucheka. Baba hacheki mpaka wafike getini.