Bikira Maria wa Florence, Bikira Maria wa Siena

Florence. Katika jumba la Uffizi, Bikira Maria watatu wamewekwa ukumbi mmoja, kila mmoja kwenye kiti chake cha enzi: wa mchoraji Cimabue, wa Duccio na wa Giotto. Watu hujazana kwa Giotto, maana magoti ya Maria wake yanaonekana kweli chini ya vazi. Mimi nilikaa kwa Duccio. Ubao wake, ulioagizwa mwaka 1285, una kimo cha mita 4.5; seremala alitokwa na jasho kabla ya mchoraji. Mafundi wa Italia waliunga mbao za popla, wakazipaka gundi ya ngozi, kisha jasi tabaka juu ya tabaka, na kuzisugua mpaka zikateleza.

Mbele kidogo yuko malaika Gabrieli wa Simone Martini, wa mwaka 1333. Hapo inabidi uiname. Ukitazama dhahabu kwa upande, maneno yanayomtoka malaika mdomoni yameinuka: yalifinyangwa kwa jasi kwanza, dhahabu ikafuata. Duara za utukufu vichwani zimegongwa kwa vyuma vidogo, kishimo baada ya kishimo, ili mwanga wa mishumaa ucheze. Taa za makumbusho hazichezi kabisa.

Siena. Mji huu ulimpokea Duccio kwa maandamano mwezi Juni 1311, picha yake kubwa ilipopelekwa kanisa kuu. Mwaka 1771 wakaipasua kwa msumeno, kwa kuwa ilichorwa mbele na nyuma. Sijui niwaite nani hao.

Siena ina kitu nilichokikosa Florence: uchakavu unaofundisha. Palipolika dhahabu, udongo mwekundu uliopakwa chini yake umechungulia. Nyuso nyingine zimekuwa za kijani kama wagonjwa wa bahari, kwa sababu ngozi ilianzwa kwa udongo wa kijani, na waridi wa juu umekwisha kwa kusuguliwa.

Cennino Cennini, aliyeandika mwongozo wa ufundi huu yapata mwaka 1400, anataka rangi za nyuso za vijana zichanganywe na kiini cha yai la kuku wa mjini, kwa kuwa ni cheupe zaidi. La kuku wa shamba, lenye wekundu, liwekwe kwa wazee. Dhahabu anaing'arisha kwa jiwe au hata jino la mbwa. Na wafua dhahabu anawalalamikia: sarafu moja ya dukati wanaitandaza ikatoa karatasi 145, ilhali yeye anataka zisizidi 100.