KOMPYUTA HAIJUI MAFUMBO!

Msomaji wangu, kama wewe ni kijana wa mjini na bado unadhani kompyuta ni kukariri vifungo, umeachwa nyuma. Enzi za MS-DOS ilibidi uandike amri herufi kwa herufi. Ukikosea moja tu, mashine imegoma. Ikaja Windows, tukawa tunabonyeza vipicha. Siku hizi unaiambia tu kwa maneno yako. Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 30, 2022, mtu anaandika "nipangie hesabu hizi" na kazi inakwenda. Januari 2025 wenye nayo, OpenAI ya Marekani, wakatoa Operator, programu iliyofungua kurasa za intaneti na kujaza fomu yenyewe kwa kuambiwa tu.

Raha iliyoje! Lakini sie Waunguja tumelelewa kwa mafumbo. Mama akisema, "Naona chumvi humu ndani inatukimbia," mtoto mwenye akili anavaa viatu anakwenda dukani. Jirani akijifunga kanga, mtaa mzima unajua nani kaambiwa. Hebu iambie kompyuta habari za chumvi uone: itakuandikia ukurasa mzima wa faida za chumvi mwilini!

Mshikaji wangu mmoja anatembeza watalii. Juzi tumekaa Forodhani, akaiambia simu yake: "Mwandikie mgeni kwa Kiingereza, boti ya Changuu inaondoka saa tatu asubuhi." Barua ikatoka safi, Kiingereza kimenyooka, ila saa imeandikwa 3:00 a.m. Saa tisa za usiku, bwana we! Mgeni angesimama pwani peke yake na majini. Nikamwambia aongeze: "saa tatu ya Kiswahili, yaani 9:00 a.m." Ikarekebisha papo hapo, na radhi ikaomba.

Tusicheke sana, maana hapa pana ugali wa watu. Dada yangu anataipu barua karibu na Darajani. Siku hizi wateja wengi wanakuja na barua tayari kwenye simu, wanataka kuprinti tu. Nyumbani roho zilitushuka, kwani chai yetu ya asubuhi inatoka hapo. Lakini baadhi yao wanarudi. Barua ya kuomba kazi haina jina la ofisi, tena inamsifia mtu kwa shahada asiyokuwa nayo! Dada anawakalisha, anawauliza: unamwandikia nani? Unataka nini? Umesoma mpaka wapi? Hapo ndo anaiamuru mashine, kisha anasoma neno kwa neno kabla ya kuprinti. Fedha anapata, ingawa si kama zamani, sitakudanganya.

Kwa hiyo kijana mwenzangu uliyemaliza skuli bila cheti cha kompyuta, usikate tamaa. Wala usikimbilie Kiingereza cha kuungaunga. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na wewe umezaliwa nacho mdomoni. Kitumie, lakini sema wazi: unataka nini, cha nani, saa ya Kiswahili au ya Kizungu, na kipi kisiguswe. Ikimaliza, soma mwenyewe, kwani jina litakaloandikwa chini ya barua ni lako.

Mafumbo tuyaache kwenye kanga, huko yana wenyewe.