Mikesha Tisa ya Mata

Ukitaka kujua Navratri, mikesha yetu tisa ya Mata, ilikuwaje London siku zile, tuanze na viatu. Oktoba ilipofika, mlangoni pa ukumbi wa shule viatu vilirundikana hadi ukakosa pa kukanyaga: champali za dhahabu, mabuti ya mvua, viatu vizito vya wanaume waliotoka kiwandani moja kwa moja. Mbele ya Mata, Mungu wetu mama, hatuchezi tukiwa na viatu. Sakafu ile ya baridi, yenye mistari ya mpira wa vikapu, tuliijua kwa nyayo zetu.

Sisi tulitoka Mombasa Februari 1968, wakati Wahindi wa Kenya wenye pasipoti za Uingereza walipokuwa wakigombania ndege. Bunge la huku lilipitisha kwa siku tatu tu sheria ya kutufungia mlango, na Machi 1 ikaanza kazi. Mamangu alifungasha sufuria zake na masala yake, lakini kitu kimoja hakumkabidhi mtu: chungu cha udongo alichokizungushia kanga, akakipakata njia nzima. Hicho ndicho garbo. Kina matundu ubavuni, na ndani huwekwa taa ya samli. Taa ile ndani ya udongo ni uhai tumboni mwa mama, na Mata ni mama wa viumbe vyote. Ndiyo maana tunaizunguka, usiku baada ya usiku, mara tisa.

Mombasa tulicheza uani, jasho likitutiririka, watoto wa majirani wakichungulia ukutani mpaka waitwe waje kula. London ilikuwa mambo mengine. Msichana alivaa chaniya choli yake, sketi na blauzi zenye vioo, kisha juu yake koti la sufu la kaka yake, akasubiri basi hivyo hivyo. Katikati ya ukumbi wazee walisimamisha mandvi, kibanda cha mbao chenye picha za Ambamaa, yaani Mata, juu ya simbamarara wake, wakakipamba kwa taa za Krismasi walizozinunua Januari zikiwa rahisi. Mtunza jengo, Mwingereza mpole, aliogopa moto. Usiku wa kwanza alikuja kila mara kukikagua kile chungu. Usiku wa tatu akapewa sahani ya prasadi, chakula kilichobarikiwa. Usiku wa tano alikuwa amesimama ukutani anapiga makofi nasi, tena kwa mapigo sawasawa.

Tulianza polepole, makofi matatu, hatua, kuinama, kugeuka. Bibi mmoja alitoa mstari bila kipaza sauti, sisi tukamwitikia. Harmoniamu na ngoma, basi. Nyimbo zile hazikuwa kitabuni. Alizijua kwa moyo, kama alivyozipokea kwa mamake. Duara likaongeza mwendo mpaka vioo vya nguo vikawa vinarusha vimulimuli darini. Halafu vijiti vya dandia, na hapo ulinde vidole vyako, maana kuna masi, yaani mama wadogo, waliopiga kwa nguvu za mwaka mzima. Mwisho sinia la taa likapita, kila mtu akapitisha viganja juu ya moto, akajipaka joto usoni. Udi, samli, nazi iliyovunjwa, na makoti yenye unyevunyevu wa mvua: harufu ile naijua hata nikiwa usingizini.

Masi yangu alifunga siku zote tisa, hakugusa nafaka. Alikula viazi, karanga na muhogo. Muhogo wa Ealing Road, barabara ya maduka yetu huko Wembley, ulitoka Amerika ya Kati, umepakwa nta, na bei yake ilimfanya masi auguse kwa heshima. Lakini ukishachemshwa, ukakaangwa, ukatiwa pilipili na ndimu, jikoni palikuwa Mombasa.

Oktoba ya 1972 duara lilipanuka. Idi Amin alikuwa amewapa Wahindi wa Uganda siku 90 waondoke, na kiasi cha 28,000 walikuja Uingereza, wengi wakifikia kwanza kambi za jeshi. Namkumbuka mama mmoja aliyekaa ukutani na koti la msaada, amelifunga vifungo vyote, joto lote lile. Masi akamshika mkono, akampeleka msalani. Walipotoka, mgeni alikuwa amevaa sari nyekundu ya masi, na masi amevaa ile ya kijani, iliyochakaa, ambayo mgeni alikuwa nayo chini ya koti. Wakaingia duarani pamoja. Hakuna aliyeuliza.

Leo tumestawi. Hekalu la Ealing Road, lililofunguliwa 2010, ni la mawe yaliyochongwa India. Navratri za siku hizi zina jukwaa, waimbaji mashuhuri, tiketi kwenye simu. Wasichana wanacheza vizuri kuliko sisi, nami hilo nalisema kwa furaha. Ila kwenye kumbi kubwa naona macho yote yako jukwaani, kwa mwimbaji, na Mata amesogezwa pembeni. Zamani katikati palikuwa na taa, na kila aliyecheza, tajiri au mkimbizi, alikuwa mbali nayo kwa hatua zile zile. Yule bibi amekwenda na nyimbo zake, na nyingi hatukuzirekodi.

Mwaka 2020 Navratri ilianza Oktoba 17, siku ile ile ambayo, kwa sababu ya korona, watu wa London walikatazwa kukutana ndani na watu wa nyumba nyingine. Tukacheza sebuleni, kila familia mbele ya skrini yake. Na Desemba 2023 UNESCO iliiingiza garba, ngoma yetu hii ya jimbo la Gujarat, India, kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, katika mkutano uliofanyika Kasane, Botswana. Nilifurahi kwamba habari imetokea Afrika.

Bado kuna kumbi ndogo Harrow na Wembley zinazoweka taa katikati. Ukipita Oktoba, ukasikia ngoma, ingia. Vua viatu, simama nyuma ya mwanamke mwenye mvi, ufuate miguu yake. Atakusogezea nafasi, na ukitoka utapewa muhogo.