WATU WATATU WA KISIWA CHETU



Hapa internat wengi wananiita «mutu wa kisiwa». Wengine wanacheka na kusema ya kama sisi watu wa Idjwi tunajuana wote kama kuku wa lupango moja. Siwakatalii, ni kweli. Lakini kujuana namna ile kuna bei yake: kifo kikiingia katika nyumba moja, kimeingia katika nyumba zote. Kwa muda wa mwaka mmoja tu, ku ngambo yetu ya ziwa, watu watatu wametutoka. Majina yao siandike, kwa sababu jamaa zao wangali na uchungu. Lakini nataka muwajue kidogo.

Wale ambao hawajafika kwetu, niwaeleze kwanza. Idjwi ni kisiwa kikubwa katikati ya ziwa Kivu. Ziwa lenyewe liko metre 1460 juu ya bahari, na pahali penye kina sana linashuka metre 485. Kaskazini ya kisiwa ni sheferi ya Rubenga, kusini ni ya Ntambuka. Wengi wetu ni Bahavu, na Bambuti wako pamoja nasi. Tunalima muhogo, maharagi, ndizi, kahawa na mananasi. Mwaka 1994 watu maelfu walikimbia kutoka Rwanda wakafika kwetu. Na wakati wa vita za 1996 na 1998, bara lilipowaka moto, kisiwa hakikuumia sana kama ngambo zingine. Wazee wanasema maji njo ilikuwa ukuta wetu.

Wa kwanza kututoka alikuwa mama muzee mmoja wa Kimbuti, mfinyanzi. Sizani kama kuna nyumba pale kwetu yenye haikupika maharagi mu nyungu yake. Alikuwa anachota udongo ku mabonde, anauponda, anatoa vijiwe moja moja, kiisha anaujenga kwa mikono tu. Aliacha nyungu zikauke kwa kivuli siku nyingi mbele ya kuzichoma na majani. Mtu akifika kununua, yeye alipiga nyungu na kidole na kusikiliza. Yenye kulia vibaya hakuiuzisha, hata ukimusihi. Alisema: «Nyungu ikipasuka ku moto, si maharagi yako tu inamwangika, ni jina langu vilevile.»

Sasa musikie neno lenye lilitusumbua. Kwetu mtu anazikwa pembeni ya nyumba, mu shamba lake. Lakini Bambuti wengi wa kisiwa hawana shamba. Zamani pori njo ilikuwa kwao. Pori ilikatwa, ikageuka mashamba ya wengine. Yule mama alikaa maisha yake yote ku udongo wa mwenyewe mwingine, akimulimia. Siku ya kufa kwake, mwenye shamba alikataa. Alisema: «Kaburi ikiingia hapa, kesho watoto wake watasema pahali ni pao.» Maiti ilikaa mu nyumba tangu asubuhi mpaka saa nane, mvua ikinyesha, na sisi wote tulisimama inje bila kusema. Wengi wa wale waliosimama walikula asubuhi ile chakula chenye kilipikwa mu nyungu zake.

Mwenye kusema alikuwa muzee mmoja, fundi wa mitumbwi. Alisema maneno matatu tu: «Muje naye kwangu.» Watoto wake wanaume walimuvuta pembeni. «Baba, ule udongo ni urizi wetu.» Akawajibu kwa sauti yenye wote tulisikia: «Miaka makumi ine nimekula mu nyungu yake. Sasa atakosa metre mbili kwangu?» Hapo vijana walichukua majembe. Tulimuzika chini ya ndizi za yule muzee.

Muzee yule njo wa pili. Alitufuata miezi ine nyuma. Alikuwa mutu wa kazi. Munajua sambaza yenye tunakula hapa shuleni: haikuwa samaki ya ziwa letu. Waliitoa ku ziwa Tanganyika, wakaileta Kivu karibu ya mwaka 1958 mpaka 1960. Muzee alikuwa mtoto wakati ule, na alipenda kutuambia kama babu yake alikufa bila kujua ladha ya sambaza. Kwa kuvua sambaza wanafunga mitumbwi mitatu pamoja na miti mirefu, wanatia taa, wanaingia ziwani usiku na kuimba. Mwezi ukiwa mukubwa samaki haifuate taa, basi wavuvi wanapumzika. Siku zile za mwezi mukubwa njo walimuletea mitumbwi yenye kuvuja. Hakuuliza kwanza franga. Aliuliza: «Wewe na nani munapanda ndani?» Alitaka kujua watu mbele ya kushika mbao. Kabla ya kufa aliomba azikwe pembeni ya yule mama, na watoto wake hawakukataa.

Wa tatu alikuwa kijana bado. Kwangu ni yaya, mtoto wa ndugu mukubwa wa baba. Alifanya biashara ya mananasi: alinunua ku milima yetu, akauzisha Goma, na kwa faida alilipa minerval ya wadogo wake watatu. Wote munakumbuka tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka 2024, wakati bwato lenye lilitoka Minova lilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wakiona kwa macho. Wakati ule barabara ilikatwa na vita, basi watu wengi walipita ku maji. Bwato la yaya lilikuwa dogo, na habari yake haikupita ku radio. Mizigo ilizidi, jile za kuokoa hazikuwako, upepo ukapiga. Yaya hajaonekana mpaka leo.

Bwato lile halikuwa na liste hata moja. Hakuna mutu ku bandari mwenye alijua wangapi walipanda. Lakini mbele jua lizame, sisi tulijua. Watu waliita kutoka kilima mpaka kilima: «Kwenu nani hajarudi?» Kila lupango ilijibu. Usiku ule hesabu ilikuwa kamili, bila karatasi na bila kalamu.

Ndugu wasomaji, neno hili linanizunguka sana mu kichwa. Watu wenye kuweza kuhesabu vile mbio wale waliopotea ku maji, namna gani tulisimama saa nyingi mbele ya maiti ya mama mwenye alitupikisha sisi wote? Tulimujua jina. Tulijua sauti ya nyungu zake. Lakini kujua mutu ni neno moja, na kumupatia pahali ni neno lingine. Yule muzee alifanya yote mawili, njo sababu ninasema alikuwa mukubwa kwetu, hata kama hakuwa chefu wala mwalimu.

Nawaomba mambo mawili. Likizo ikifika, wenye kupita ziwani, mukatae kupanda bwato lenye kujaa kupita kiasi, na muulize jile hata wakiwacheka. Na mukifika nyumbani, muangalie nani kati ya jirani zenu anakaa ku udongo wenye si wake, kiisha muongee na wazazi, wakati yule jirani angali muzima.

Kwa jamaa ya yaya, tunangali tunangoja. Mama yake hakubali matanga imalizike. Na pale chini ya ndizi, watoto wa mfinyanzi wanakuja kufagia makaburi yote mawili. Mwaka huu mtoto mukubwa wa muzee aliwapatia mistari michache ya kupanda maharagi. Karatasi haijaandikwa bado. Mimi nitamaliza masomo miaka mbili ijayo, na karatasi ile nataka kuisoma kwa macho yangu.

Mwanafunzi wa Idjwi, mwaka wa ine