Kikomo au Fungu?

Ndugu wapenzi wa lugha, naleta kwenu neno moja linalonisumbua tangu mwezi uliopita. Si neno la malenga, ni la mafundi wa kompyuta. Lakini nadhani waliozoea kuhesabu mizani wana la kusema juu yake.

Kijana anayefundisha kompyuta katika sekondari moja ya mkoa wetu wa Shinyanga alinijia hapa Ngokolo na kurasa kumi na mbili za mwongozo alioutunga kwa Kiswahili. "Shikamoo, Mwalimu. Nisahihishie lugha tu, ufundi niachie mimi." Mwongozo wenyewe ni wa seva ya mafaili, yaani kompyuta moja inayotunza nyaraka za shule ili nyingine zizisome na kuziandika kupitia mtandao wa ndani. Utaratibu unaotumika huitwa NFS, nao ulibuniwa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1984. Katika ukurasa wa saba kulikuwa na sentensi hii: "Kikomo cha ombi ni KB 32." Ngeli zimekaa, sarufi ni safi. Msahihishaji wa lugha tu angeweka alama ya vema na kufunua ukurasa wa pili.

Ila mwalimu mwenzake, mama makini sana, alikwisha kuusoma mstari huo. Alielewa kwamba faili linalozidi KB 32 halipokelewi. Akashinda siku mbili akiukatakata mtihani wa majaribio wa kidato cha nne, kila kipande faili lake, na siku ya kuchapa vipande viwili vikasahaulika. Watahiniwa wakapata maswali ya ufahamu pasipo habari ya kusoma. Mama yule hakukosea. Kikomo ni pale jambo linapokoma, naye alisoma Kiswahili kama kilivyoandikwa.

Basi nikataka nielezwe ufundi ambao niliambiwa niuache. Kumbe faili halichotwi zima. Kompyuta huomba sehemu, ikapewa. Huomba inayofuata, ikapewa. Hivyo hivyo hadi mwisho. Kipimo kile husema tu kila ombi libebe kiasi gani. Faili la MB 1 huja kwa maombi 32 ya KB 32, na lililo kubwa mara elfu huja vilevile, ila safari huongezeka. Toleo la pili la NFS, lililochapishwa mwaka 1989, halikuruhusu ombi moja kuzidi baiti 8,192, yaani KB 8. La tatu, la mwaka 1995, liliondoa sharti hilo: seva hutaja kiasi inachoweza, mwombaji hutaja anachotaka, kisha hushikwa kilicho kidogo.

KB 8! Hapo nikacheka, maana nasi tuna minane yetu. Mshororo wa utenzi huwa na mizani minane, na Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, una beti zaidi ya elfu moja. Nani aliwahi kuiita minane ile kikomo cha utenzi? Hupima pumzi ya mshororo mmoja. Urefu wa kisa ni shauri la mtunzi.

Nikauliza kwa nini basi maombi yasiwe makubwa tu, safari zipungue. Jibu limo katika kumbukumbu ya seva: kila mtumishi wake wa ndani hutengewa chombo cha kupokelea chenye ukubwa huo, ajazwe asijazwe. Kwa hiyo seva ya Linux, isipoelekezwa vingine, huangalia kumbukumbu iliyo nayo na kugawa kipimo nusu kwa nusu mpaka kienee, bila kushuka chini ya KB 8. Wazee wetu wangeielewa hesabu hiyo mara moja: pishi ni visaga viwili, kisaga ni vibaba viwili. Anayetaka kubadili kipimo hicho kwenye seva, aizime kwanza huduma.

Pendekezo langu ni fungu. Hapa kwetu nyanya huuzwa kwa fungu, na hakuna mnunuzi anayedhani kwamba fungu moja ndiyo nyanya zote za sokoni. Ukurasa wa saba sasa unasomeka: "Kila ombi hubeba fungu lisilozidi KB 32, faili kubwa huja kwa mafungu mengi." Kijana analalamika kwamba sentensi imerefuka. Imerefuka kweli, na haitakatwa. Lalamiko lake la pili lina uzito zaidi: kwamba waumini watakumbuka fungu la kumi, wadhani seva inatoza. Kwa hilo sijapata jibu. Mwenye neno jingine na alilete.