Madesa ya mwaka 1597

Wadau, samahani kwa kupotea. Ripoti yangu ya mitishamba imenikaba koo, na bumu nalo ndo limekata. Lakini leo nina la kusema.

Mchana nilikuwa maktaba natafuta historia ya kujazia sura ya pili: wasomi wa Uingereza wa zamani walizijuaje dawa za miti ya ng'ambo? Nilidhani walipanda merikebu wakaenda kuchimba mizizi wenyewe. Wapi! Mwaka 1577 mfanyabiashara John Frampton alitafsiri kwa Kiingereza kitabu cha Nicolás Monardes, daktari wa Seville, Hispania, kuhusu dawa za Amerika, tumbaku ikiwemo. Na Monardes mwenyewe Amerika hakuwahi kukanyaga. Alisubiri meli zitie nanga, akauliza walioshuka. Mwaka 1597 John Gerard naye akatoa kitabu kikubwa cha mimea, ambacho sehemu kubwa kaichota kwa Rembert Dodoens. Kwa lugha ya hapa chuo: alidesa. Teh teh teh!

Daktari Hans Sloane angalau alisafiri. Alifika Jamaika mwaka 1687, akarudi London na mimea mikavu kama 800. Kwenye kitabu chake cha 1707 alikiri kwamba mengine aliambiwa na wakazi wa kule: Wazungu, Wahindi Wekundu na watu weusi. Hao weusi wengi wao walikuwa watumwa, watu wa Afrika. Pale anapowashukuru hakuna jina la mtu, ni kundi tu.

Nilianza kucheka, kicheko kikanikauka. Likizo iliyopita bibi mmoja wa kijijini kwetu alinitembeza porini siku tatu, jua kali, mkongojo mkononi. Akanionyesha magome, majani, kipi cha kuchemsha na kipi si cha kugusa. Wakati naaga akaniuliza, "Mjukuu wangu, na mimi nitakuwemo humo?"

"Utakuwemo, bibi."

Nimefungua ripoti. Nimeandika "kwa mujibu wa wenyeji". Basi. Gerard nimemtaja mara nne.

Ripoti inakabidhiwa Ijumaa. Kesho asubuhi nakopa vocha, nampigia mwanawe ampelekee simu, nimwombe ruhusa niandike jina lake kamili. Nitaanza na shikamoo, halafu samahani.

Na wewe mdau, "wenyeji" wa kwako ni akina nani?